Sheria Mbili, Mwanafunzi Mmoja: Udhalilishaji Vyuoni na Wajibu wa Mhudumu wa Afya

Kijana wa Kisiwa Panza anayekwenda kusoma chuo kikuu huvuka maji zaidi ya mara moja. Kwanza hupanda mashua hadi Chokocho, kusini mwa Pemba, kisha hushika barabara mpaka mji wa Mkoani. Hapo bandarini hupanda meli ya kwenda Unguja. Na kama nafasi aliyoipata iko Tanzania Bara, huendelea tena kwa meli hadi Dar es Salaam. Katika mkoba wake mna vyeti, barua ya kupokewa chuoni, na fedha ambazo wazazi wamezikusanya kutokana na uvuvi, mwani au karafuu. Kuna jambo moja ambalo ni nadra mtu kumweleza kabla ya kuondoka: akishaivuka bahari iliyo kati ya Unguja na Dar es Salaam, sheria inayoulinda mwili wake hubadilika.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeiweka elimu ya juu katika orodha ya mambo ya Muungano. Ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husimamia vyuo vikuu vya pande zote mbili. Sheria ya jinai, hata hivyo, haimo katika orodha hiyo. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018. Bara ina Kanuni ya Adhabu yake. Mapambano dhidi ya rushwa nayo yamegawanyika vivyo hivyo: Bara kuna TAKUKURU, Zanzibar kuna ZAECA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hivyo mwanafunzi mmoja, mwenye namba moja ya usajili wa chuo, akidaiwa penzi na mwalimu ili apewe alama zake za haki, atashitaki kwa sheria hii au ile kulingana na mahali tendo lilipotokea.

Mgawanyiko huo si kasoro kwa nafsi yake. Nchi nyingi zina hali kama hiyo. Kasoro huja pale ambapo mwanafunzi, mzazi wake na hata mhudumu wa afya anayempokea hawajui wapi pa kuanzia, na kwa kutojua huko saa hupita. Katika mambo ya udhalilishaji wa kijinsia, saa zikishapita hazirudi, na pamoja nazo hupotea tiba na ushahidi.

Namna sheria zilivyozaliwa

Katika historia ya Tanzania, kilio cha wanafunzi wa kike vyuoni kilisikika nchi nzima mwaka 1990. Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa kingono na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichokuwa kimeasisiwa mwaka 1987, kililibeba suala hilo na kulifanya kuwa la taifa. Baada ya miaka ya kampeni ya wanawake, Bunge lilipitisha mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake cha SOSPA. Sheria hiyo iliongeza makali ya adhabu za ubakaji, na pia ililitaja sumbuo la kingono kuwa kosa la jinai. Maneno, ishara na vitendo vya kumwaibisha mtu kingono, ambavyo hadi wakati huo vilihesabiwa kuwa utani wa vijana, viliingia mahakamani.

Hatua ya pili ilikuja kupitia sheria ya rushwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayotumika Tanzania Bara, kinamhusu mtu mwenye mamlaka ambaye, katika kuyatumia mamlaka hayo, anadai ngono au upendeleo mwingine ili ampe mtu ajira, cheo, haki au fursa. Adhabu iliyowekwa sheria hiyo ilipotungwa ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Umuhimu wa kifungu hiki ni kwamba kinaiangalia nguvu ya anayedai. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa mtihani wake hautasahihishwa mpaka akutane na mhadhiri faragha hakupewa nafasi ya kuchagua kwa uhuru, hata kama hakupigwa wala kufungiwa mlango.

Sheria hiyo ilipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, Novemba 2018, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Vicensia Shule, aliandika katika mtandao wa kijamii kuhusu rushwa ya ngono chuoni hapo, wakati Rais John Magufuli alipokuwa akifika kuzindua maktaba mpya. Maneno yake machache yalizua mjadala mkubwa, naye mwenyewe akaitwa kujieleza mbele ya chuo. Tukio hilo liliweka wazi kwamba kifungu cha sheria kinaweza kuwapo miaka mingi huku wanaokihitaji wakiogopa kukitamka.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati. Mwaka huohuo Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu za kusikiliza makosa ya udhalilishaji, ili kesi zisikae muda mrefu hadi mashahidi wakate tamaa. Kisha mwaka 2024 likaibuka pendekezo la kuirekebisha sheria ya rushwa ya Bara ili hata mtu anayeonekana kumshawishi mwenye mamlaka kwa ngono ahesabiwe mkosaji. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga, wakisema kuwa mwathirika atanyamaza kabisa akijua kwamba malalamiko yake yanaweza kugeuzwa kuwa shitaka dhidi yake.

Anayeadhibiwa na anayewajibika

Ukizisoma sheria za pande zote mbili za Muungano, utaona kwamba kwa sehemu kubwa zinamtazama mtu mmoja: mbakaji, msumbufu, mla rushwa. Zinamsubiri atende, kisha zinamwadhibu. Chuo chenyewe, ambacho kilimpa mtu huyo mamlaka juu ya alama, bweni na mustakabali wa vijana, kwa kiasi kikubwa hubaki pembeni.

Marekani ilipita njia nyingine, na inafaa kuitazama bila kuiga kila kitu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, ijulikanayo kama Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharimiwa na fedha za serikali kuu. Juu ya msingi huo, majimbo kadhaa yalijitungia sheria zao kwa ajili ya vyuo. California mwaka 2014 ilivitaka vyuo vitumie kipimo cha ridhaa iliyotamkwa au kuonyeshwa wazi, kwa maana kwamba kunyamaza si kukubali. New York mwaka 2015 ilifuata kipimo hicho, na ikaongeza kwamba mwanafunzi anayetoa taarifa kwa nia njema asiadhibiwe na chuo kwa sababu alikuwa amekunywa pombe usiku ule. Illinois, mwaka huohuo wa 2015, ilivitaka vyuo viwe na mshauri wa siri wa kumsaidia mwathirika. Sheria hizo nazo zina wapinzani, hasa kuhusu haki ya mtuhumiwa kusikilizwa. Lakini zinafanana kwa jambo moja: zinakiuliza chuo kimeweka nini tayari kabla ya madhara kutokea.

Swali hilo ndilo linaloihusu Tanzania leo. Dawati la jinsia lililofungwa, lisilo na mtu aliyefunzwa, au lililowekwa katika ofisi iliyo mkabala na ya mhadhiri anayelalamikiwa, halimfai mwanafunzi aliyetoka Pemba, asiye na mjomba wala shangazi katika mji huo.

Muhali na saa za bahari

Machi 2024 Kisiwa Panza kilipata msiba uliotangazwa duniani kote: watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa yenye sumu, na watu wengine 78 walilazwa hospitalini. Siku zile kila mtu kisiwani alijua kwamba mgonjwa hasubiri. Hakuna aliyeambiwa avumilie ili ukoo usitajwe vibaya, wala hakuna mzee aliyependekeza jambo limalizwe barazani.

Aliyedhalilishwa kingono ana mwili uliopatwa na dharura kama wa mgonjwa mwingine yeyote. Pamoja na hayo, mara nyingi yeye hucheleweshwa na kitu ambacho Wazanzibari wana neno lake mahususi: muhali. Ni ile haya ya kumkabili jamaa, jirani au mtu wa heshima. Ni ule uzito wa kusimama mahakamani dhidi ya mtu ambaye kesho mtakutana naye msikitini au harusini. Muhali umefunga kesi nyingi kabla hazijafunguliwa. Katika kisiwa kidogo ambacho watu wake wanajuana kwa majina ya babu zao, nguvu yake ni kubwa zaidi. Mwanafunzi hubeba muhali huo hadi chuoni: humwonea haya mhadhiri kama alivyofunzwa kumwonea haya mkubwa yeyote, na anaporudi likizo hushindwa kumwambia mama yake kwa nini amefeli somo moja.

Wavulana nao hawamo nje ya jambo hili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki kuufanya, ulionyesha kwamba Zanzibar takriban asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana walipata ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mhudumu anayedhani kwamba mgonjwa wa kiume hawezi kuwa na historia hiyo atampita mtu anayehitaji msaada wake.

Saa 72 mikononi mwa mhudumu

Sheria za pande mbili zinatofautiana, bali mwili wa binadamu hauna mpaka wa Muungano. Mhudumu wa kituo kidogo cha afya wilayani Mkoani na daktari wa hospitali kubwa ya Dar es Salaam wana kazi ileile, na kazi hiyo ina mpangilio.

La kwanza ni kumpokea mtu mahali pa faragha, kumsikiliza bila kumhoji kama polisi, na kumwambia waziwazi kwamba kosa si lake. Maswali ya kwa nini alikwenda huko, au alivaa nini, hayana kazi katika tiba. Kila hatua ya uchunguzi ifanywe kwa ridhaa yake, naye ana haki ya kukataa hatua moja na kukubali nyingine.

La pili ni dawa. Kinga ya Virusi vya UKIMWI kwa aliyekuwa katika hatari ya kuambukizwa ianze mapema kadiri inavyowezekana, na isizidi saa 72 tangu tukio. Dozi huendelea kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na hufanya kazi vizuri zaidi vikitolewa mapema. Magonjwa ya zinaa yatibiwe au yakingwe, chanjo ya homa ya ini aina ya B itolewe kwa asiyekuwa nayo, na majeraha yaangaliwe pamoja na kinga ya pepopunda. Aliyechelewa asirudishwe nyumbani mikono mitupu: vipimo, tiba ya magonjwa ya zinaa na huduma ya nafsi bado ni haki yake hata baada ya wiki au miezi.

La tatu ni ushahidi. Nguo zilizovaliwa wakati wa tukio zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu vielelezo. Kilichoonekana kiandikwe kama kilivyoonekana, kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na saa na jina la aliyeandika. Kukosekana kwa jeraha si uthibitisho kwamba mtu aliridhia. Wengi huganda kwa hofu. Kile kinachoitwa kipimo cha bikira, ambacho bado hufanywa mahali pengine kwa vidole, hakina msingi wowote wa kisayansi, na Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe kabisa.

La nne ni fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ni muhimu kwa kesi, lakini kukosekana kwake kusiwe sababu ya kuichelewesha tiba. Mgonjwa atibiwe kwanza, fomu ifuate. Zanzibar ilipata njia ya kuyaunganisha haya kupitia vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011. Pemba, huduma hiyo ipo katika Hospitali ya Chake Chake. Humo mgonjwa hukutana na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, akasimulia habari yake mara chache zaidi. Kwa anayetoka Kisiwa Panza, hospitali kubwa ya karibu ni ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mhudumu wa kituo kidogo anayempa rufaa asimwachie usafiri peke yake: apige simu mbele, na dozi ya kwanza ya dawa, ikiwapo, itolewe kabla ya safari ya mashua.

Mwisho kabisa, nafsi. Habari ya mwaka 1990 inatosha kukumbusha kwamba udhalilishaji unaweza kuua bila jeraha lolote la nje. Kukosa usingizi, kuacha kula, kujitenga, kufeli ghafla, na maneno ya kutamani kufa ni dalili za kushughulikiwa siku hiyohiyo, kwa kumkutanisha mgonjwa na mtaalamu wa afya ya akili na kutomwacha peke yake.

Wodi nazo ni vyumba vya madarasa

Wasomaji walio madaktari na wauguzi wana sababu ya pili ya kulitazama jambo hili. Vyuo vya afya havifundishi katika kumbi za mihadhara tu. Hufundisha wodini, usiku wa zamu, katika vyumba vya upasuaji na katika vituo vya vijijini ambako mwanafunzi hupelekwa peke yake kwa mafunzo ya vitendo. Anayetia sahihi daftari la mazoezi ya mwanafunzi huyo ana mamlaka juu yake sawasawa na anayesahihisha mtihani. Msimamizi anayeisubirisha sahihi ile mpaka apate anachokitaka anatenda tendo lilelile ambalo kifungu cha 25 kinalizungumzia.

Kwa hiyo hospitali inayopokea wanafunzi isiishie kuwatibu waliodhalilishwa mahali pengine. Inapaswa kuwaeleza wanafunzi, siku ya kwanza ya mafunzo, ni nani wa kumwendea wakisumbuliwa; mtu huyo asiwe yule anayewapa alama; na sahihi za mazoezi zisitegemee mtu mmoja pekee. Hayo hayahitaji Bunge wala Baraza la Wawakilishi kutunga sheria mpya.

Anayotakiwa kuyajua mwanafunzi na mzazi

Aliyedhalilishwa afike kituo cha afya mapema, na akiweza asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa. Akiwa ameshaoga, aende hivyohivyo. Anayedaiwa rushwa ya ngono asifute ujumbe wa simu, hata ule unaomtia kinyaa. Aandike tarehe, saa na mahali, na amweleze mtu mmoja anayemwamini, kwa kuwa mtu huyo huweza kuwa shahidi baadaye. Akiwa Bara, aende dawati la jinsia la chuo, dawati la jinsia na watoto la polisi, au TAKUKURU. Akiwa Zanzibar, kuna polisi, ZAECA, na vituo vya Mkono kwa Mkono. Msaada wa kisheria hutolewa pia na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, na wasaidizi wa sheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Wazazi wa Kisiwa Panza huwapa watoto wao wanaokwenda chuoni wasia mrefu: sala, masomo, marafiki, fedha. Ufaao kuongezwa humo ni mfupi: ukiguswa au ukitakwa kwa nguvu au kwa hila, tuambie, hatutakulaumu. Masheha na walimu wa skuli wana nafasi ya kuusema wasia huo hadharani kabla mashua haijang'oa nanga kuelekea Chokocho. Mtoto aliyeusikia kwa mzazi wake atathubutu kumwambia mhudumu wa afya, na mhudumu atapata saa anazozihitaji. Asiyeusikia atanyamaza kwa muhali, na hapo hata sheria kali kiasi gani, ya Bara au ya Visiwani, haitakuwa na pa kuanzia.